Barua kwa mpwa wangu mwenye lori linalochemka

Kibuye, Kisumu
Jumapili jioni

Mpwa wangu mpendwa,

  Nyanya yako magoti yanamsumbua kama kawaida ya msimu huu wa mvua, lakini anakula vizuri na kufoka anafoka, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye.

Mama yako alinidokezea habari za lori, na ujumbe wako nao nimeusoma. Unasema lile Isuzu FSR limekuchemkia njiani kwenda Kericho na shehena ya omena, si mara moja. Fundi uliyempelekea huko Homa Bay akalitazama kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, akatoa hukumu: gasketi ya hedi imeungua, lete pesa tufungue injini. Sasa unaniuliza kama ukope chamani au uuze ng'ombe.

Usikope, usiuze ng'ombe, na usimruhusu mtu yeyote kufungua hedi kabla hujafanya yaliyomo katika barua hii. Huenda fundi wako amesema kweli. Shida yangu naye ni kwamba hakupima chochote, na hedi ikishafunguliwa unalipa, iwe ilikuwa na kosa au haikuwa nalo. Kuchemka kwa injini ni kama homa: malaria huileta, taifodi huileta, na jino bovu pia huileta. Daktari anayekupa dawa ya malaria kabla ya kukutoa damu anabahatisha kwa mwili wako. Lori nalo lina namna ya kujieleza, ukiliuliza maswali matatu: linachemka wapi, linachemka baada ya muda gani, na maji yanakwenda wapi. Majibu ya maswali hayo hayana gharama.

Lakini kabla ya hayo, hakikisha limechemka kweli. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua swichi bila kuwasha. Mshale wa geji ukiruka papo hapo hadi kwenye nyekundu, joto hakuna. Waya wa sensa umechubuka mahali na unagusa bodi. Kinyume chake ndicho cha kuogopa zaidi. Maji yakipungua mpaka sensa ikabaki hewani, mshale waweza kutulia au hata kushuka huku injini inaungua. Kwa hiyo maji yakiwa yamepotea, usifarijike kwa geji iliyotulia. Ukipata mtu mwenye kipima joto cha mwanga, azima. Nasema kile cha mafundi wa friji. Kile tulichopimwa nacho paji la uso wakati wa korona hakifiki joto la injini. Elekeza kwenye kasha la thamostati ulinganishe na geji.

Sasa tuje kwenye barabara yako. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kericho iko juu zaidi ya mita 2,000. Kutoka Ahero unakata tambarare ya Kano, mpunga kushoto na kulia, lori linateleza tu. Ukishaiacha Awasi barabara inaanza kuinuka, na kutoka hapo hadi Kapsoit na kuendelea injini inavuta mzigo na mlima kwa pamoja. Mguu wako uko chini kabisa kwenye mafuta, na mwendo ni mdogo kiasi kwamba upepo wa mbele hausaidii sana. Udhaifu wowote uliofichwa na tambarare unafichuliwa hapo.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wengi hawalifikirii. Maji yaliyo wazi hapa Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Kericho kwenye 93, kwa sababu kadiri unavyopanda ndivyo uzito wa hewa unavyopungua. Injini yako hufanya kazi kwa raha karibu kabisa na joto hilo. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho hufungia shinikizo ndani. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9 huyafanya maji yastahimili mpaka yapite nyuzi 110. Kifuniko kilichochoka kinakunyang'anya nyuzi zaidi ya kumi, na mlima wa Kericho utazidai zote. Kwa hiyo kitu cha kwanza kukagua ndicho cha bei ya chini kuliko vyote: tazama raba yake kama imepasuka au imekauka, bonyeza springi uone kama ina nguvu, na vuta kwa kucha ile vali ndogo ya katikati uone kama inarudi. Vali hiyo ikiganda, injini ikipoa utakuta mpira wa juu wa rejeta umenywea kama umefyonzwa, na maji ya kwenye chupa ya akiba hayarudi ndani. Ukinunua kipya, namba ilingane na ile ya kitabu cha lori. Anayekupa chenye namba kubwa zaidi eti ndio imara, anakutafutia kupasua rejeta.

Swali la kwanza: linachemka wapi? Kama ukikwama kwenye msongamano wa Kondele geji inapanda, kisha ukitoka ukaenda mwendo mzuri inashuka, basi maji yanazunguka vizuri na kinachokosekana ni hewa. Likitulia kabisa mjini lakini likachemka mlimani, basi huenda hewa si tatizo kubwa. Tafuta upande wa maji, au injini yenyewe inazalisha joto kupita kiasi.

Tuanze na hewa, maana kwa kazi yako nina mashaka nayo. Wewe unapakia Mbita alfajiri. Unawajua wale wadudu wa ziwa wanaoinuka juu ya maji kama wingu, hasa mwezi unapoandama. Ukipita katikati yao maelfu hubanwa kwenye mapezi ya rejeta. Kisha unachukua vumbi la barabara, makapi ya mpunga ya Ahero, na oili kidogo inayovuja mbele ya injini. Vyote hivyo vikichanganyika vinakuwa ukoko mweusi mgumu ambao ukiutazama kwa mbele unadhani ni rangi ya rejeta. Usiku, mweke mtu mwenye tochi upande wa feni, wewe tazama upande wa mbele. Usipoona mwanga, hewa nayo haipiti. Kama lori lina kipoza hewa cha turbo mbele ya rejeta, uchafu mbaya zaidi umejificha kati ya hivyo viwili, ambako macho hayafiki mpaka ukilegeze ukisogeze.

Osha kwa maji ya sabuni, uyaache yalainishe, kisha piga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utokee ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari usiikaribishe. Hulaza mapezi yote na utakuwa umeziba kilichobaki.

Ukimaliza hapo, angalia feni. Mkanda ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ushuke kama sentimita moja. Ukiwa unang'aa pembeni kama kioo unateleza, na kama iko miwili badilisha yote kwa pamoja. Lile kava linalozunguka feni liwepo mahali pake. Wengi hulivunja wakitafuta nafasi ya spana na hawalirudishi, na bila kava feni huzungusha hewa ileile ya moto. Kisha klachi ya feni: injini ikiwa moto, zima, ufunguo utie mfukoni, halafu sukuma feni kwa mkono. Inapaswa kukupinga na kusimama upesi. Ikizunguka bure, au ukiona mistari ya mafuta imetapakaa usoni pa klachi, silikoni imevuja na mlimani feni yako ni pambo.

Upande wa maji kuna rejeta kwa ndani. Lori likishapata moto, pima kwa kile kipima joto sehemu mbalimbali za uso wa rejeta. Joto linapaswa kupungua taratibu kutoka juu kwenda chini. Ukikuta eneo katikati ni baridi ghafla, mirija ya hapo imeziba. Usipokuwa na kipimo, rejeta ikifunguliwa ziba tundu la chini, jaza maji, kisha achia: yatoke kwa kishindo. Yakichuruzika, umepata mwizi wako. Rejeta za zamani za shaba zinatengenezeka. Mafundi wa jua kali hapa Kibuye hung'oa tangi la juu na la chini kwa moto, hupitisha waya bapa kwenye kila mrija hadi tope litoke, kisha huunga tena kwa risasi. Nimekuwa nikitazama tope hilo likitoka: rangi ya kutu, zito kama uji wa wimbi. Rejeta ya alumini yenye matangi ya plastiki haikubali tiba hiyo. Ikiziba sana, inabadilishwa.

Tope hilo tunalitia wenyewe. Maji ya ghuba ya Winam yana udongo unaoletwa na Nyando na mito mingine, na yana mwani mpaka yanabadilika rangi kuwa kijani. Visima vingi vya Kano navyo vina chumvi. Taniboi wako akichota ziwani kwa kibuyu na kumimina, anapanda tope ndani ya injini. Kinga maji ya mvua, msimu ndio huu, uyachanganye nusu kwa nusu na kulanti halali. Kulanti huzuia kutu na huinua kiwango cha kuchemka. Lakini ina utamu kwenye ulimi na ni sumu. Ukiimwaga usiiache kwenye beseni ambapo mtoto, mbwa au mbuzi atainywa, na usiimwage ziwani.

Tukifika kwenye thamostati najua utakachoambiwa: itupe, huku kwetu ni joto. Ushauri huo umeenea pwani yote ya ziwa na ni mbaya. Thamostati huiwezesha injini ifikie joto lake na ikae hapo. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi hula mafuta, huchafua oili na kusaga silinda mapema. Tena kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na lori likichemka mlimani unashangaa kwa nini. Ipime jikoni. Itie kwenye sufuria ya maji, ining'inie kwa uzi isiguse chini, pasha moto taratibu. Kama imeandikwa 82, ianze kufunguka kabla maji hayajaanza kutokota. Ikibaki imejifunga hadi maji yatokote, imekufa. Lakini jaribio hilo ulifanye huku ziwani; ukilifanya Kericho maji yatachemka kwenye 93, na thamostati nzima inaweza kuonekana haifunguki hadi mwisho.

Halafu tazama mpira wa chini wa rejeta, ule ambao pampu hunyonyea maji. Ndani yake mara nyingi kuna springi ya kuuzuia usinywee, na springi hiyo huliwa na kutu. Mtu akanyage mafuta lori likiwa moto, wewe angalia mpira. Ukijibana na kuwa bapa, pampu inanyonya patupu. Na pampu yenyewe, tikisa puli yake kama ina mchezo, kisha mulika lile tundu dogo chini ya shafti. Alama ya maji au chumvi nyeupe hapo maana yake sili imeisha.

Usisahau pia kwamba joto linaweza kuwa ni la kupita kiasi kwa sababu ya injini. Ukiona moshi mweusi mzito mlimani, huenda mtu aliifungulia pampu ya dizeli zaidi ili lori lipate nguvu. Breki zinazokwaruza nazo hufanya injini ipande mlima usioonekana: ukisimama baada ya tambarare, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa moto kuliko nyingine, umepata jibu.

Swali la pili na la tatu nayaweka pamoja, kwa kuwa ndiyo yanayohusu hedi. Kama unaongeza maji kila siku, yanatoka mahali. Egesha jioni juu ya boksi lililokunjuliwa, asubuhi soma madoa. Kagua maungio ya mipira, pampu, chini ya rejeta, na vile vifuniko vya chuma vya ubavuni mwa bloku. Yupo atakayekushauri utie yai au manjano kuziba tundu. Mshukuru uondoke, kwa sababu kitakachoziba tundu kitaziba na mirija.

Usipoona doa popote, na maji bado yanapungua, ndipo umshuku yule anayeitwa hedi. Asubuhi na mapema, injini baridi, jaza rejeta hadi shingoni, uiache wazi, washa. Povu kidogo mwanzoni ni hewa iliyokuwa imenaswa. Lakini vibofu vikiendelea kupanda bila kukoma na kuongezeka ukikanyaga mafuta, au mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, kuna upepo unaingia kwenye maji. Vuta kijiti cha oili: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto nao ni ushahidi.

Hapa nataka usome taratibu. Lori lako lina kompresa ya upepo wa breki, na kompresa nyingi za malori haya hupozwa kwa maji ya injini yenyewe. Gasketi ya kompresa ikipasuka, upepo wa breki unaingia kwenye maji na kuleta vibofu vilevile, mpira mgumu uleule, na kuchemka kulekule. Kuna dereva wa Nyamasaria aliyefunguliwa hedi kwenye gereji fulani, ikasagwa, akawekewa gasketi mpya, na siku aliyotoka akachemka kabla hajafika mbali. Kosa lilikuwa kwenye kompresa muda wote. Kuitenganisha ni kazi ndogo: ondoa mipira miwili ya maji ya kompresa, unganisha njia ya injini ili kompresa ibaki nje, jaza tena, toa hewa, washa kwa muda mfupi tu. Vibofu vikikoma, umejiokoa na gharama ya hedi. Visipokoma, basi fundi wako alisema kweli, mpe kazi, lakini mwambie apeleke hedi ikapimwe kama imejipinda au ina ufa kabla ya kuifunga.

Na likichemka tena njiani kabla hujamaliza haya yote? Geji ikianza tu kupanda, shusha gia, punguza mafuta, fungua hita ya kabini hata kama utatoka jasho. Ukisimama na maji bado yamo, iache injini iungurume polepole dakika kadhaa. Lakini kama maji yamekwisha, zima mara moja. Kifuniko usikiguse mpaka uweze kuushika mpira wa juu bila kuachia. Maji yaliyo ndani yana joto kupita kiwango cha kuchemka, yakifunguliwa hugeuka mvuke papo hapo na kuuchuna uso. Ukiongeza maji, injini iwe imepoa vya kutosha. Maji baridi kwenye chuma chenye moto mkali hupasua hedi. Kwa sababu hiyohiyo, ukija Kisumu na vijana wa ufukweni wakikuitia ukaingize lori majini lioshwe moja kwa moja kutoka safari, kataa. Ziwa lenyewe pia limechoka kuoga oili zetu.

Fuata mpangilio huu: kifuniko, uchafu wa rejeta, mkanda na feni, thamostati, mipira, rejeta kwa ndani, pampu, kompresa, na hedi mwisho kabisa. Umeona unapanda kutoka kwenye vitu vya shilingi chache kwenda vya kuuza ng'ombe. Spea za lori hili hazina shida kupatikana, kwa kuwa Isuzu zimeunganishwa Nairobi tangu enzi za General Motors. Ila bandia nazo ni nyingi, kwa hiyo njoo na kipuri cha zamani mkononi ukilinganishe uzito na namba kabla ya kulipa.

Nijibu mambo matatu kwa maandishi: limechemka mahali gani hasa na ukiwa gia gani, mpira wa juu ulikuwaje asubuhi injini ikiwa baridi, na umeongeza maji kiasi gani tangu Jumatatu. Ukinijibu hayo nitakuambia uje Kibuye au ubaki huko. Kwa sasa punguza mzigo wa Kericho, au umpe mwenzako safari hiyo, na wewe ubaki kwenye ile ya Homa Bay hadi Kisumu.

Msalimie mama yako, mwambie nyanya anauliza lini atapelekewa omena wa kukaanga.

Mimi mjomba wako.